Viraka Visivyo na Majina

Kamusi za Kiswahili zina neno mfarishi: kitambaa cha matabaka mawili chenye pamba au kitu laini katikati, cha kutandika au kujifunika. Ni neno zuri, lakini sijawahi kumsikia mtu wa Ngara akilitumia. Shangazi yangu, ambaye ameshona vitu hivyo tangu sijazaliwa, huviita mashuka ya viraka tu, na akitamka hivyo hucheka kidogo, maana kwetu kiraka ni neno la umaskini. Hakuna anayeringia kiraka.

Kazi inayomlisha ni nyingine. Shangazi ni fundi cherehani. Alijifunza ufundi Biharamulo, akaolewa Ngara, na huko anashona sare za shule na magauni ya vitenge kwa cherehani cha kukanyaga, kile kisichojali kama umeme upo au haupo. Viraka ni vile vipande vinavyobaki mezani wateja wakishaondoka. Huvipanga jioni, bila haraka, na tabaka la katikati huwa blanketi kuukuu. Shuka moja analolithamini kuliko yote lina blanketi la kijivu alilonunua sokoni mwaka 1994, mwaka ambao zaidi ya watu laki mbili walivuka daraja la Rusumo kwa siku mbili hivi za mwisho wa Aprili, na kambi ya Benaco ikageuka mji mkubwa kuliko mji wowote wa jirani.

Mimi nasoma falsafa, shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu kumbukumbu. Kwa hiyo likizo zangu Ngara zimekuwa na tabia mbaya: nakaa kwenye benchi la wateja nikimtazama shangazi akisahau. Anasahau mkasi ulio mapajani mwake. Anatafuta miwani ilhali anaitazamia. Hayo si kitu. Kinachonivutia ni vitu ambavyo hataki kuvikumbuka, na jinsi alivyovigawa.

Vipimo vipo kwenye daftari, jina la mteja kushoto, namba kulia. Mishono ipo kwenye simu. Wateja wanamtumia picha WhatsApp, mara nyingi na maelezo ya sauti marefu kuliko gauni lenyewe, na bando likiisha gauni linasubiri. Kila mwisho wa mwezi anafuta picha zote bila kuzitazama. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Nikishashona, picha ya nini?" Daftari, kwa upande mwingine, hachani hata ukurasa. Ana madaftari ya miaka na miaka ndani ya sanduku la bati, na wengine walioandikwa humo walipimwa wakiwa wanafunzi na sasa wanaleta watoto wao.

Mwaka 1998 Andy Clark na David Chalmers walichapisha makala ambayo kila mwanafunzi wa fani yangu huisoma. Wanamwelezea mtu wanayemwita Otto, mgonjwa wa Alzheimer, anayetembea na daftari. Akitaka kwenda makumbusho ya sanaa New York, hafikirii, anafungua daftari, anasoma anwani, anakwenda. Hoja yao ni kwamba, ikiwa daftari lipo karibu muda wote na Otto analiamini kama wewe unavyoiamini kumbukumbu yako, basi daftari ni sehemu ya akili yake. (Nakala yangu ya makala hiyo ilikatwa kielelezo cha kola. Shangazi aliona karatasi ngumu, safi upande mmoja, akaamua kwamba kazi yake imekwisha.)

Naikubali hoja hiyo kwa nusu. Inajibu swali la kumbukumbu iko wapi. Haiulizi nani mwingine anaweza kuifungua. Daftari la Otto ni kama halina jirani wala binamu, halina mtoto wa nyumbani anayejua kusoma. Na nimeona kwa shangazi kwamba swali la nani atasoma ndilo linaloamua kitu kiandikwe wapi, au kisiandikwe kabisa.

Kwenye lile shuka la blanketi la kijivu kuna viraka viwili vya mashati ya wanaume. Kimoja ni cha mistari ya bluu, kingine rangi ya udongo. Ni vya kaka zake wawili, baba zangu wakubwa, ambao sikuwahi kuwaona. Walifariki mwishoni mwa miaka ya 1980. Walikuwa wakifanya biashara ya nguo upande wa Bukoba na mpaka wa Uganda.

Msomaji wa Kagera mwenye umri mkubwa ameshaelewa. Msomaji wa umri wangu pengine hajaelewa, na hilo ni sehemu ya ninachotaka kusema. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla neno UKIMWI halijazoeleka, watu wa mkoa huo waliuita ugonjwa ule Juliana. Lilikuwa jina la nguo, za mtindo uliopendwa sana wakati huo, zilizoletwa kutoka Uganda na vijana wa magendo. Waliozileta ndio walioanza kuugua, na jina la bidhaa yao likawa jina la kifo. Niliwauliza wenzangu saba darasani, wawili wao wa Kagera. Hakuna aliyewahi kulisikia.

Wakati huohuo, mbali sana na kwetu, watu wengine walikuwa wakishona viraka kwa ajili ya ugonjwa uleule. Oktoba 1987 shuka kubwa la kumbukumbu ya waliokufa kwa UKIMWI lilitandazwa kwa mara ya kwanza Washington, Marekani. Wazo lilikuwa la Cleve Jones wa San Francisco. Siku ile lilikuwa na vipande 1,920, kila kimoja futi tatu kwa sita, karibu ukubwa wa kaburi, na karibu kila kimoja na jina. Majina yalisomwa kwa sauti. Serikali ya nchi ile ilikuwa imekaa kimya kwa miaka, na kulitaja jina la marehemu hadharani ilikuwa njia ya kuivunja hiyo kimya.

Nilimwonyesha shangazi picha zake kwenye simu. Alizikuza kwa vidole viwili, akatazama mishono kwanza, kama fundi. Kisha akasema, "Wameandika majina." Hakuwa anasifu.

Avishai Margalit, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu maadili ya kumbukumbu, anasimulia habari ya afisa wa jeshi aliyehojiwa na gazeti akakiri kwamba amesahau jina la askari wake aliyeuawa. Watu walikasirika. Margalit anauliza: alikosa nini hasa? Jibu lake ni kwamba wajibu wa kukumbuka unatokana na ukaribu. Hatudaiwi kumkumbuka kila mtu, ila tunadaiwa kuwakumbuka wetu. Kwa kipimo hicho, mtu angeweza kusema shangazi, kwa kushona viraka visivyo na majina, aliwapunja kaka zake.

Sidhani. Jina kwenye kitambaa linaandikwa kwa ajili ya mgeni, mtu asiyejua. Kijijini kila mtu alijua. Taarifa haikuwa adimu. Kilichokuwa adimu ni staha. Waliobaki walikuwa watoto wadogo wanaokwenda shule na kuchota maji kisima kimoja na watoto wengine, na kidole kimoja cha mtu mzima kingetosha kuwaharibia utoto. Shangazi alishona kitu ambacho wanaostahili kukisoma wangekisoma, na wengine wangeona mistari ya bluu.

Ukimya ule uliwagharimu watu, hata hivyo. Mmoja wa binamu zangu alijua kilichomuua baba yake akiwa na miaka kumi na tisa, kilabuni, kutoka kwa mlevi aliyedhani anafahamu. Aliporudi nyumbani hakumuuliza mtu. Nimejaribu kutafuta hoja itakayolifuta hilo na sijaipata.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vyangu havikuniandaa nalo. Kunyamaza na kusahau, ukitazama kwa nje, ni kitu kimoja. Shuka ni lilelile. Tofauti yote imo ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na mtu huyo sasa amepita miaka sabini. Mwaka jana alinionyesha kiraka cha mistari akasema ni cha gauni la mama mkwe wake. Kesho yake akajisahihisha mwenyewe, bila kuulizwa, lakini niliona uso wake. Staha ya miaka zaidi ya thelathini ilikuwa inaanza kuwa upotevu wa kawaida, na hakuna mtu mwingine ambaye angeitambua siku itakapovuka mpaka huo.

Nilimshauri turekodi kwa simu. Ndilo jambo ambalo kijana yeyote angefikiria. Alikataa, na nadhani alielewa kifaa kile kuliko mimi. Binti yake ana simu ambayo asubuhi huamua yenyewe kumwonyesha picha za miaka iliyopita, na siku moja ilimwonyesha picha za msiba akiwa foleni ya benki. Kitu kinachokukumbusha bila kuombwa hakiwezi kutunza siri, hata kama kina neno la siri. Daftari linakaa kimya mpaka mtu alifungue, na kulifungua kunahitaji mikono na sababu.

Nilimuuliza basi, kama ni daftari? Akauliza litasomwa na nani. Nikasema, na yule utakayempa ufunguo wa sanduku. Alikaa siku mbili bila kulirudia jambo hilo. Siku ya tatu, baada ya kufunga kazi, alinisogezea daftari la mwaka huu, ukurasa baada ya sare za darasa la tano, akasema, "Andika wewe, mwanangu, macho yangu yamechoka."

Tulianza na wa mistari ya bluu. Mwaka aliofariki haukumbuki, anakumbuka mvua. Jina alilitaja kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu. Nikaliandika kushoto. Kisha, kabla sijauliza lolote, akaendelea kama anavyonisomea vipimo vya wateja: shingo 15, mabega 17, kifua 38, mkono 23. Akanyamaza kidogo, akifikiri.

"Hivyo ni vya shati," alisema. "Vya koti unaongeza inchi mbili."