Kutosomeka Si Kuwa Tupu

Nina banda la steshenari hapa Tunduma, hatua chache tu kutoka kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Natoa fotokopi, nachapa barua, na zaidi ya yote nawaingizia watu filamu na nyimbo kwenye flashi na hadi diski. Dereva anayepeleka mzigo Lubumbashi anajua atalala njiani siku kadhaa. Ananiachia diski yake, anakwenda kula, akirudi anaikuta imejaa. Kwa hiyo kompyuta yangu moja inapokea diski zilizotoka kwenye kompyuta za kila aina. Nyingi zinafunguka. Chache zinagoma.

Diski ikigoma, unatokea ujumbe ambao nimeuona mara nyingi mpaka nikaacha kuusoma: lazima diski hii ifomatiwe kabla ya kutumika. Chini yake kuna vitufe viwili, kufomati au kughairi.

Miaka minne iliyopita alikuja mama mmoja anayeuza vitenge. Mkononi alikuwa na hadi diski aliyoachiwa na binti yake anayesoma chuo Dar es Salaam.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niwekee kwaya humu, na bongo muvi kidogo."

Nikaichomeka, ujumbe ukatokea. Nikamwuliza kama ina kitu cha maana. Naye akaniuliza swali la haki kabisa: "Kwani mashine inasemaje?"

"Inasema haina kitu, mama."

"Basi weka."

Nikafomati, nikaijaza kwaya na filamu mpaka pomoni. Desemba binti akarudi likizo, akaja bandani na ile diski. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kaka, bibi alikuwa humu." Alikuwa amemrekodi bibi yake akisimulia ngano kwa Kinyamwanga, saa nyingi, na sauti zote akazihifadhi kwenye diski ile kwa kutumia Mac aliyoazimwa chuoni. Bibi alikuwa amefariki mwezi Mei.

Kiufundi maelezo ni mafupi. Mac ina namna yake ya kupanga mafaili kwenye diski, na Windows ina ya kwake. Mac inaweza kusoma diski iliyopangwa ki-Windows, ingawa kwa kawaida haiwezi kuandika ndani yake. Windows, bila programu ya ziada, haisomi kabisa mpangilio wa Mac. Diski ile ilikuwa nzima, haina ugonjwa wowote. Hata baada ya fomati ya haraka ningeweza kuziokoa zile sauti, maana fomati ya namna hiyo hufuta orodha ya yaliyomo, siyo yaliyomo yenyewe. Kilichomfuta bibi ni filamu nilizomimina juu yake.

Tangu hapo nimejitetea moyoni kwa njia tatu. Ya kwanza: mashine ndiyo iliyosema. Hapana, haikusema vile. Mashine ilizungumzia uwezo wake yenyewe, kwamba haiwezi kuitumia diski ile jinsi ilivyo. Mimi ndiye niliyetafsiri "siwezi kusoma" kuwa "hakuna kilichoandikwa". Nyie wapenzi wa vitabu mnamjua mfasiri wa namna hii, yule anayekutana na ukurasa uliomshinda akauruka, kisha akaapa kwamba kitabu kiliishia pale.

Ya pili: mama aliridhia. Lakini ridhaa yake ilisimama juu ya neno langu. Yeye hakuwa na namna ya kujua, mimi nilikuwa nayo. Mtu akikubali jambo kwa sababu amekuamini, hajakutua mzigo, amekuongezea.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua hadi leo, kwa sababu ina uzito. Foleni ilikuwa ndefu, na hakuna awezaye kutunza kila asichokielewa. Diski zinajaa, maisha ni mafupi, lazima kitu kifutwe. Ni kweli. Ila mimi sikuombwa kutunza chochote milele. Nilichodaiwa ni maneno matano: "Mama, kwangu haisomeki, jaribu kwingine." Kosa langu halikuwa kutojua. Nani anajua yote? Kosa lilikuwa kuuvisha ujinga wangu nguo za habari na kuukabidhi kama ukweli.

Na mji huu ungepaswa kunifundisha mapema. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana kwa mkataba nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Ardhi hii ilikuwa na wenyewe, ina majina na njia na makaburi, lakini waliokaa mezani hawakuweza kuisoma. Wakaichora kama karatasi nyeupe. Ndiyo maana leo Wanyamwanga wako Tunduma na wako Nakonde, ndugu wenye pasipoti mbili tofauti. Sijifananishi na wakoloni, jamani. Nasema tu kwamba kitufe kile nilichobonyeza ni cha zamani kuliko kompyuta.

Mwaka jana yule dada alikuja tena, safari hii na hadi diski mpya. "Kaka, nifomatie kwa mpangilio unaosomeka kote." Upo, unaitwa exFAT, Windows na Mac zote zinausoma na kuuandika. Aliniambia anavuka kwenda Nakonde kwa bibi yake mdogo, ambaye naye anazijua ngano zile, ingawa anazisimulia tofauti.

Ujumbe ukatokea kama kawaida. Safari hii niliusoma wote, neno kwa neno. Kisha nikageuka, nikamwuliza mara mbili: "Una hakika haina kitu?"

"Haina," akasema. "Bado."