Kitabu Kinapotusema, Nani Hakuulizwa?

Kijana mmoja aliniletea kitabu, uso umekunjamana, akaniuliza: «Mwalimu, vitabu vinavyotutukana si tuvitupe?» Kilikuwa kile cha Joseph Conrad kiitwacho «Heart of Darkness», yaani Moyo wa Giza, kilichotoka kwanza mwaka 1899.

Conrad alizaliwa Mpolandi, akaandika kwa Kiingereza. Mwaka 1890 alipanda mto Kongo kwa mashua ya moshi, toka Kinshasa mpaka mahali paitwapo leo Kisangani. Katika kitabu chake aliwaumbua Wazungu waliojidai kuleta nuru, kumbe wametekwa na uchu wa pembe za ndovu. Hapo tumpe haki yake.

Lakini hesabu, ndugu msomaji: humo Mwafrika anasema maneno ya kueleweka mara ngapi? Ni mara mbili tatu, tena neno fupi. Waliobaki ni makelele ukingoni mwa mto, ni macho gizani, ni mikono na miguu. Hawana jina, hawana mama, hawana shauri. Mwaka 1975 Chinua Achebe, mwandishi wa Nijeria, alisimama mbele ya wasomi wa Marekani akamwita Conrad mbaguzi wa rangi. Yafaa nini kumhurumia mtu, usipomhesabu kuwa mtu kama wewe?

Basi tukitupe? Sivyo. Barazani mzee hamfukuzi shahidi kwa kuwa ameona upande mmoja tu. Humsikiliza mpaka mwisho, kisha huuliza: «Na yule mwingine yuko wapi?» Nasi tusome hivyo hivyo. Nani anasema? Nani amenyamazishwa? Nani anafaidiwa na kimya hicho?

Lakini maswali hayo yakitugeukia sisi, yanauma. Katika hadithi zetu za jioni, Mbuti wa msituni anasema nini? Nilipokuwa namjibu kijana yule, nilikumbuka kisa nilichozoea kuwachekesha watoto. Mbuti wa kisa changu hakuwa na jina. Kazi yake ilikuwa kuchekwa. Niliona haya. Kosa nililolishitaki kwa Conrad lilikuwa limekaa kinywani mwangu miaka mingi.

Kijana nilimrudishia kitabu chake, nikamwambia akisome chote. Kisa changu sijakisimulia tena. Anayedai asikilizwe, naye asikilize.