Bibi Aliyejua Kuomba

Matangani kila aliyesimama kumzungumzia bibi yetu alisema alikuwa na mkono wa kutoa. Niliitikia kwa heshima, lakini mimi niliyembebea kikapu tangu utotoni najua kwamba Bibi hakuwa na cha kutoa. Pensheni ya marehemu babu iliishia kwenye maharage na mkaa. Alichokuwa nacho ni ukavu wa macho. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kuomba kwa ajili ya mtu usiyemjua hawakukutungia methali.

Kinanira yetu, hapa Bujumbura, Burundi, ni mtaa wa kuta ndefu na malango ya chuma, na nyuma ya lango yupo zamu aliyefundishwa kusema bosi ametoka. Bibi hakubishana na zamu. Aliketi kwenye jiwe pembeni, akamuulizia watoto wake na mavuno ya kwao, mpaka mwenye nyumba akachoka kujificha. "Mwanangu, sikuja kukopa," ndivyo alivyoanza siku zote. "Kuna mzazi wa watu hospitali, hana wa kumpelekea uji." Akipewa noti moja iliyochakaa aliikunjua, akaitazama upande huu, akaigeuza, kimya, hadi ikaongezwa ya pili. Kati ya Musaga na Kinindo sijui lango ambalo halikumjua.

Hospitalini kwetu mgonjwa hulishwa na ndugu zake. Ila njaa ilikuwa nusu tu ya taabu. Kuanzia 2002 hospitali za serikali zilidai mgonjwa alipe gharama zote, na aliyeshindwa alizuiliwa humo humo hata baada ya kupona; mwaka 2006 Human Rights Watch waliandika ripoti nzima juu ya watu hao. Wengi walikuwa wanawake waliojifungua kwa upasuaji. Namkumbuka mmoja: mshono umeshafunga, mtoto ameanza kucheka, nao wamelala sakafuni kwa sababu kitanda kimepewa anayelipa. Mlinzi wa mlangoni hakumruhusu hata kutoka kuanika nepi. Bibi aliweka rundo la faranga mezani kwa mhasibu, noti ndogo ndogo zilizonuka jasho la mtaa mzima, akadai risiti, akaisoma mstari kwa mstari, ingawa miwani alikuwa ameisahau nyumbani.

Mei 2006 serikali ikatangaza kwamba kujifungua na matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano ni bure. Tukadhani sasa atapumzika. "Na mwenye miaka sita je?" akauliza, huku anajifunga kitenge chake kutoka.

Siku hizi tunachangishana kwa simu. Ujumbe unaingia, unatuma kwa Lumicash, umemaliza; mgonjwa hujamwona, naye hajakuona. Sikatai, pesa hufika, na kwa uhaba huu wa mafuta ya gari kuvuka mji na sufuria ya uji si mchezo. Lakini simu unaweza kuizima. Bibi hakuwa wa kuzimwa.

Juzi dukani jirani mmoja, mtu mwenye nafasi yake, aliniambia bila kupepesa macho kwamba tangu tumzike bibi yangu, yeye amepumua. Simlaumu; alitozwa kuliko wengi. Bibi angelisikia hilo angelicheka sana, kisha angelimwuliza ana faranga ngapi mfukoni.