Maji ya Moto ni ya Nani?

Lipo swali la kale ambalo wenye hekima wa kila taifa wamelizungusha vinywani mwao bila kulimeza wala kulitema: kitu kilichotoka ardhini chenyewe, ambacho hakuna aliyekipanda, aliyekifua wala aliyekifuma, huwa mali ya nani? Je, ni cha yule aliyejaliwa kujenga juu yake, au ni cha wote wanaokihitaji? Sisi walimu hulitia swali hili katika mdahalo, tukawagawa wanafunzi pande mbili, na kengele ikilia twaliacha juu ya meza pamoja na chaki. Lakini upo mji mmoja mdogo nchini Japani ambao wakazi wake hawakupata nafasi ya kuliacha mezani. Waligombana kwa ajili yake tangu mwaka 1927, wakafikishana mahakamani, na suluhu haikupatikana mpaka mwaka 1950. Walikuwa majirani, wauzaji wa mtaa mmoja, watu waliosalimiana kila asubuhi. Na kitu walichokigombea kilikuwa maji ya kuoga.

Mji huo waitwa Kinosaki. Umo katika mkoa wa Hyogo, karibu na Bahari ya Japani, na tangu mwaka 2005 umehesabiwa kuwa sehemu ya manispaa ya Toyooka. Tuliufikia kwa treni kutoka Kyoto, safari ya muda wa saa mbili na nusu hivi, katika majira ya baridi, theluji ikiwa imelala juu ya mapaa. Mto mdogo, Otani, wapita katikati ya mji. Juu yake yamepinda madaraja madogo ya mawe, na kandokando yake imesimama mierebi. Hakuna hoteli ndefu inayoziba mlima. Zipo nyumba za wageni za mbao, na baina yao zimetawanyika nyumba saba za kuogea za watu wote. Tutaziita hamamu, kwa kuwa neno hili tunalo tayari, nalo limebaki katika jina la mtaa wa Hamamni huko Unguja, alikojenga Sultani Barghash hamamu ya umma katika karne ya 19.

Wenyeji wana msemo wao kuhusu mji huu. Wasema kwamba stesheni ndiyo mlango wa mbele, barabara ni ujia wa ndani, nyumba za wageni ni vyumba vya kulala, na hamamu ndizo bafu. Yaani mji wote ni nyumba moja, na kila aliyeshuka kwenye treni ni mgeni wa nyumba hiyo. Msemo kama huu mtu aweza kuudhania tangazo la biashara, nasi tuliudhania hivyo mpaka jua lilipokuchwa. Hapo tuliwaona watu wakitoka katika kila nyumba ya wageni, wamevaa yukata, yaani zile kanzu nyepesi za pamba, na juu yake koti dogo la kuzuia baridi, wakitembea barabarani bila haya yoyote kama watembeavyo watu ukumbini kwao. Miguuni walikuwa na mitalawanda. Kwa muda wa saa nzima hatukusikia ila mlio wa mbao juu ya mawe, na baadhi yetu tulikumbuka nyumba za bibi zetu pwani, ambako mlio huo huo ulikuwa ndio habari ya mtu anayekwenda kutawadha.

Kila hamamu ina hadithi yake. Ile iitwayo Mandara-yu yahusishwa na mtawa wa Kibudha, Dochi, ambaye yasimuliwa kwamba aliomba siku 1,000 kwa ajili ya wagonjwa, hata mwaka 720 maji ya moto yakabubujika. Ile ya Kono-yu yasemekana iligunduliwa kwa korongo aliyeonekana akiuguza mguu wake majini. (Tuseme hapa kwa kupita kwamba korongo wa mwituni wa mwisho wa Japani alikufa mwaka 1971 katika eneo hilo hilo la Toyooka, na ilibidi ndege hao wafugwe kwa miaka mingi ndipo walipoanza kurudishwa porini mwaka 2005, maji yalimponya mmoja, lakini hayakuiokoa jamii yake na sumu za mashambani.) Gosho-no-yu nayo yasemwa kuwa ilipata heshima ya kuogwa na dada yake mfalme Go-Horikawa mwaka 1267. Leo huoga hapo mwuza samaki na dereva wa teksi. Wasomaji wetu wa magharibi ya Uganda hawatastaajabu, maana kule Kitagata ziko chemchemi mbili za moto zilizo jirani: moja yaitwa ya Mugabe, kwa kuwa ndiyo aliyoipenda mfalme wa Ankole, na ya pili watu wameiita Mulago, kwa jina la hospitali kuu ya Kampala. Mfalme na mgonjwa wote huja na mwili mmoja tu.

Zamani mgeni wa Kinosaki hakuruhusiwa kujitosa majini mara tu alipofika. Desturi ilimtaka apande kwanza mpaka hekalu la Onsenji, mlimani, atoe heshima zake, apewe kata ya kutekea maji, ndipo ashuke akaoge. Desturi hiyo yatufundisha jinsi watu hao walivyoyaona maji: hayakuwa bidhaa, yalikuwa kitu cha kuombewa idhini.

Sasa tufike mlangoni. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, wasema wahenga, nasi twakiri kwamba katika chumba cha kuvulia nguo tulitamani wahenga wangenyamaza. Wanaume wana upande wao na wanawake wana upande wao, hilo halina shaka. Lakini ndani ya kila upande hakuna nguo, hakuna kikoi, hakuna pazia. Kuna kitaulo kidogo tu, ambacho nacho hakitakiwi kugusa maji. Kwetu, ambao tumelelewa kuhifadhi utupu wetu hata mbele ya ndugu, jambo hili si dogo, na msomaji ambaye dini yake yamkataza hatumshauri kuivunja kwa sababu ya safari. Nyumba nyingi za wageni zina bafu la faragha, naye aweza kuoga humo bila lawama ya mtu. Lakini yafaa tueleze tulichokiona, kwani ndicho kilichotuingiza katika fikra hizi.

Kabla ya kuingia katika birika kubwa, kila mtu hukaa juu ya kigoda kidogo cha chini mbele ya bomba, akajisugua kwa sabuni kuanzia kichwani mpaka nyayoni, akajisuuza mpaka povu la mwisho litoweke, tena akakisuuza na kigoda chenyewe kwa ajili ya atakayefuata. Hilo ndilo tulilolistaajabia. Sisi huoga ili tuwe safi. Wao huwa safi ili waoge. Maji ya birika si ya kuondolea uchafu, ni ya kukaa. Na kwa kuwa ni ya kukaa pamoja, mtu hujisafisha kwanza, si kwa faida yake, bali kwa sababu maji yale ni ya mwenziwe pia. Hatukuona askari wala msimamizi wa kulitekeleza hilo. Mzee aliyekuwa kando yetu alijisugua kwa bidii ya mtu anayeosha chombo cha kuazima.

Hapo tunarudi kwenye ugomvi. Tarehe 23 Mei 1925 tetemeko la ardhi lilipiga pande hizo, moto ukafuata, na Kinosaki karibu yote ikateketea. Katika eneo lote walikufa watu zaidi ya 400. Mji ulipokuwa ukijengwa upya, mwenye nyumba moja mashuhuri ya wageni alijenga bafu la maji ya moto ndani ya nyumba yake, mwaka 1927. Kwa mtu wa nje jambo hili laonekana halina uzito. Lakini kwa karne nyingi mji ule haukuwa na bafu la ndani: kila mgeni, awe tajiri au mkokoteni, alitoka nje akaoga na wenzake. Jumuiya ya mtaa wa Yushima, ambayo kisheria ndiyo iliyokuwa imeshika mali ya pamoja ya wenyeji, ilipinga, na kesi ikafunguliwa.

Tumejaribu kuwasikiliza wote wawili kama hakimu asikilizavyo. Yule mwenye nyumba angeweza kusema, na si bila haki: ardhi ni yangu, fedha za kuchimbia ni zangu, na mgeni wangu mwenye baridi yabisi hawezi kutembea katika theluji. Je, ni dhambi kumhurumia? Jirani zake nao wangejibu: chini ya ardhi hakuna ua. Mshipa wa maji unaopita chini ya sakafu yako ndio ule ule unaopita chini ya yetu, na ukichota kwa pampu hapa, kule yatapungua. Tena, wewe ukiwa na bafu lako, na tajiri mwenzio akiwa na lake, wageni hawatatoka tena jioni. Ataangamia muuza mitalawanda, ataangamia muuza chai, zitaangamia nyumba ndogo zisizo na uwezo wa kuchimba, na hamamu zetu zitabaki za maskini. Na kitu kikishakuwa cha maskini peke yao, nani atakitengeneza paa?

Hoja hii ya mwisho ndiyo tunayoiona nzito kuliko zote, nayo haihusu maji tu. Shule ambayo wenye uwezo wamewaondoa watoto wao hudhoofika, hata kama bajeti yake haikuguswa. Dhara la bafu la faragha halikuwa katika ndoo alizochota yule bwana. Lilikuwa katika kuondoka kwake. Alipoacha kuoga na wenzake, aliacha pia kuwa na sababu ya kujali kama hamamu inavuja.

Hata hivyo hatuwezi kumhukumu kwa urahisi, na mji wenyewe haukumhukumu hivyo. Suluhu ya mwaka 1950 iliruhusu mabafu ya ndani, lakini kwa kipimo, ili yasiwe makubwa kiasi cha kuzifanya hamamu za nje zisiwe na kazi. Na hatimaye maji yakakusanywa: katika miaka ya 1970 uliwekwa mpango wa kuyavuta maji ya visima vyote mpaka tangi moja, kisha kuyagawa kwa mabomba kwa hamamu na nyumba za wageni kutoka hapo. Nchi nayo ilikuwa imetunga sheria ya chemchemi za moto mwaka 1948, ambayo yamtaka mtu apate ruhusa ya gavana wa mkoa kabla ya kuchimba, hata katika kiwanja chake mwenyewe. Tuangalie kilichotendeka. Swali la nani mwenye maji halikujibiwa kwa upanga. Lilibadilishwa, likawa: kila mmoja achukue kiasi gani, ili wenzake wasihame? Huenda wanafalsafa wasiridhike. Sisi twaona kwamba kuna maswali ambayo haki yake ni kupata jirani wa kuyaishi, si mshindi wa kuyajibu.

Lakini tusiusifu ushirika upesi mno. Kila nyumba moja ina mlango, na mlango hufungwa. Huko Otaru, katika kisiwa cha Hokkaido, palikuwa na hamamu ya maji ya moto iliyobandika tangazo kwamba ni ya Wajapani peke yao, baada ya wenyewe kuchoshwa na vituko vya mabaharia wa kigeni. Watu watatu waliofukuzwa hapo walishtaki, na mmoja wao alikuwa amekwisha kupata uraia wa Japani, akafukuzwa hata hivyo, kwa uso wake. Mwaka 2002 mahakama ya Sapporo iliamua kwamba huo ni ubaguzi usiokubalika, ikaamuru kila mmoja alipwe yeni 1,000,000. Hamamu nyingi nchini humo hukataa pia watu wenye michoro ya kuchanjwa ngozini, kwa kuwa michoro hiyo imekuwa alama ya magenge ya wahalifu. Tulifikiri juu ya wazee wetu wenye chale usoni, walizochanjwa ili watambulikane kuwa watu wa watu, jinsi ambavyo wangesimamishwa mlangoni kwa alama ile ile ya ukoo. Kinosaki imefanya vizuri zaidi: hamamu zake huwapokea wenye michoro pamoja na wasio nayo. Twajiuliza kama ni kwa sababu mji uliogombana miaka 23 juu ya nani ana haki ya kuoga wapi ulijifunza kuchunga mlango wake.

Usiku wa mwisho tulikwenda Ichino-yu, hamamu iliyopata jina lake kwa tabibu mmoja wa zama za Edo aliyeyasifu maji yake kuwa ya kwanza chini ya mbingu. Ndani palikuwa na mvuke mwingi hata tuliona vichwa tu. Tulikuwa tumezoea kiasi cha kujisahau, na katika kujisahau kitaulo chetu kikateleza kichwani kikaanguka majini. Hakuna aliyesema neno. Mzee mmoja alikiinua kwa vidole viwili, akakikamua nje ya birika, akakikunja mara nne, akatuwekea kichwani tena kama mzazi amvalishavyo mtoto kofia. Kisha akasogea kidogo kutupisha nafasi, kwa maana mlango ulikuwa umefunguliwa na watu wengine walikuwa wakiingia.