Je, Ni Halali Kutia Chumvi ili Mtoto Apate Kusoma?



Kati ya maswali ambayo wazazi humletea mwalimu mstaafu, liko moja linalorudi mara kwa mara hapa Sumbawanga. Kijana amefaulu vizuri Kidato cha Sita, amesikia kwamba viko vyuo vikuu vya Marekani vinavyowasomesha wageni maskini bila malipo, naye anataka kuomba. Mzazi huuliza: "Mwalimu, tukiongeza kidogo katika maelezo yetu ili wale watu watuhurumie, je, ni dhambi?" Nimeona vema nilijibu hapa, maana linamhusu kila mtu anayetoa ushahidi juu ya mwenziwe.

Kwanza yafaa tujue jinsi mambo yalivyo. Gharama ya mwaka mmoja katika vyuo hivyo, yaani ada, chumba na chakula, siku hizi hupita dola 80,000. Mkulima wa Laela au Matai hawezi kuilipa hata akiuza shamba na ng'ombe wote. Lakini vyuo vichache, kama vile Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, vimejiwekea kanuni ya kutotazama mfuko wa mwombaji wakati wa kumchagua, hata akiwa mgeni. Akishachaguliwa, husaidiwa kwa kadiri ya upungufu wa nyumba yao. Dartmouth ilifuata mwaka 2022. Vyuo vingine vingi, Stanford kikiwa kimojawapo, huwasaidia wageni pia, ila hutazama mfuko kwanza: mgeni anayehitaji fedha hushindania nafasi chache kuliko yule ajilipiaye. Na mlango wenyewe ni mwembamba mno. Harvard, katika miaka ya karibuni, imechukua watu wasiofika 5 katika kila waombaji 100.

Hapo ndipo majaribu mawili yanapozaliwa.

Jaribu la kwanza ni kuuza umaskini. Mwombaji hutakiwa aandike insha juu ya maisha yake, isiyozidi maneno 650 katika fomu inayotumiwa na vyuo vingi, na kijana husikia kwamba amlizaye msomaji ndiye achaguliwaye. Basi baba aliye hai anageuzwa marehemu, kilomita 3 za kwenda shule zinakuwa 15, na nyumba ya bati inaezekwa upya kwa nyasi.

Jaribu la pili ni kuuficha. Kijana aombaye chuo kinachotazama mfuko hushauriwa aseme kwamba mjomba atalipa, ili asihesabiwe pamoja na wahitaji. Huu ni mtego. Viko vyuo ambavyo mgeni aliyesema mwanzoni kwamba hahitaji msaada hawezi kuuomba tena katika miaka yote 4. Mjomba asiyekuwapo atalipa kwa fedha gani?

Watu wengine husema: "Amri ya tisa inakataza kumshuhudia jirani uongo ili aumie. Hapa tunamshuhudia mtoto ili apone. Ubaya uko wapi?" Hoja hii si ya kudharauliwa, kwa kuwa hutoka katika mapenzi ya mzazi. Lakini nafasi zenyewe zinahesabika. Yuko jirani tusiyemwona, labda binti wa Nkasi, labda mvulana wa Malawi, ambaye baba yake amekufa kweli, naye ameandika hivyo kwa maneno machache bila kupamba. Kifo cha uongo kikiwekwa mezani kando ya kifo cha kweli, huyo ndiye tuliyemshuhudia uongo.

Zamani mambo haya yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo na nauli, na mwezi Septemba ndege moja ikabeba wanafunzi 81 mpaka New York. Mwaka uliofuata mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na vijana wa Tanganyika nao wakawamo katika safari hizo. Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, alikwenda mwaka huo wa 1960, akasoma katika chuo kidogo huko Kansas. Nyumbani watu walichanga ili vijana wasiende mikono mitupu. Mchango ulikuwa hadharani. Aliyetoa shilingi yake alimjua kijana, alimjua baba yake, alijua ng'ombe wangapi wamo zizini. Nani angethubutu kutia chumvi mbele ya watu kama hao? Leo mtoaji yuko mbali, hana macho ila karatasi. Kwa hiyo mwalimu atiaye sahihi amekalia kiti cha kijiji kizima.

Nasema hivi kwa sababu vyuo hivyo hutaka barua za walimu. Walimu wengi wamepata kuletewa barua iliyokwisha kuandikwa na mwombaji mwenyewe, ikisubiri sahihi na muhuri tu. Sisi wa Ufipa tunaufahamu ubaya wake kwa jina lingine, nalo ni lumbesa. Mkulima akubaliye kujaza gunia mpaka likavikwa kilemba hudhani amemridhisha mnunuzi kwa siku ile tu. Baada ya miaka michache lumbesa ndiyo inayoitwa gunia, na aletaye kipimo cha haki huambiwa, "Hili limepungua." Tukiandika juu ya kila mtoto kwamba ni bora kuliko wote tuliopata kuwafundisha, aliye bora kweli tumemnyang'anya neno lake. Na mwalimu mwaminifu aandikaye, "Ni wa 4 katika darasa la watu 60, hesabu anaziweza sana, Kiingereza anajitahidi," huonekana kana kwamba amemsema vibaya.

Liko swali gumu zaidi, nalo ni la fomu ya mapato. Fomu huuliza baba ana nini na mama ana nini. Kwetu mtoto husomeshwa na shangazi aliye Mbeya, na baba mkubwa huuza ndama kwa ajili ya sare. Je, ng'ombe wa baba mkubwa ni mali ya nyumba? Nionavyo mimi, mtu ajibu kile alichoulizwa, kisha mahali pa maelezo aandike wazi: "Ada ya sekondari ililipwa na baba mkubwa, ana watoto wake 6, hawezi kuendelea." Mahindi yaliyouzwa yaandikwe kwa bei yaliyouzwa, na ya kuliwa yaandikwe kuwa ni ya kuliwa. Maelezo ya namna hiyo si aibu wala si maombolezo.

Sikatai kwamba utaratibu wenyewe una dhuluma ndani yake. Chuo kinachotazama mfuko humtoza maskini kwa kusema kweli. Hata hivyo dhuluma ya mwenye mlango haimpi agongaye ruhusa ya kuja na jina la bandia. Aanze na vile vyuo ambako kweli haimpunguzii kitu. Kwingine aombe akijua bei ya kusema kweli, na akubali kuilipa.

Tena mlango waweza kufungwa bila kosa la mtu. Desemba 2025 Serikali ya Marekani ilitangaza kuiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanawekewa vizuizi vya viza, za wanafunzi zikiwamo. Kijana aliyemwua baba yake kwenye karatasi, kisha viza ikakataliwa, amebaki na nini? Na yule aliyefanikiwa atakaa miaka 4 akipokea pole za rafiki zake kwa msiba usiokuwapo. Siku ya mahafali, baba huyo ataalikwa kwa jina gani?

Msifikiri kwamba jambo hili ni la Marekani peke yake. Bodi yetu ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, nayo huuliza nani ni yatima na nani hana uwezo, nasi ndio tunaoombwa kuthibitisha. Mkopo alioupata asiyestahili umemkosa mtu, na mtu huyo yaelekea yuko kata hii hii.

Basi jibu langu kwa mzazi ni hili: kutia chumvi si halali, na kuficha si halali. Umaskini wetu tuuseme kwa kipimo chake. Nanyi walimu mlio kazini, msitie sahihi barua msiyoiandika. Mwiteni mtoto, mketi naye saa nzima, mmwulize anaamka saa ngapi, anasaidia nini shambani, kitabu gani alikisoma bila kulazimishwa. Mtapata mambo ya kweli ya kutosha kuijaza barua.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwalimu mstaafu, Sumbawanga