Deni la Anayejua Moto Unakokwenda

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 7 Februari 2009, joto la Melbourne lilifika nyuzi 46.4 za Selsiasi. Jiji lilikuwa halijawahi kurekodi joto kama hilo. Upepo mkavu ulivuma kwa nguvu kutoka kaskazini, na misitu ya mikalitusi ya jimbo la Victoria ilikuwa imekauka kiasi kwamba cheche moja ilitosha. Katika kituo cha uratibu wa dharura jijini humo, Kevin Tolhurst wa Chuo Kikuu cha Melbourne na wenzake wachache waliokuwa wakichunguza mwenendo wa moto walikuwa wameinamia ramani. Walipiga hesabu ya upepo, miinuko ya vilima na ukavu wa mimea, kisha wakachora mahali ambapo moto uliozuka Kilmore East ungefika. Kinglake, mji mdogo wa milimani, ulikuwa njiani.

Ramani hizo hazikugeuzwa kuwa onyo lililowafikia wakazi kwa wakati. Moto wa Kilmore East peke yake uliua watu 119. Mioto ya siku hiyo kwa jumla iliua watu 173 jimboni Victoria, na nyumba zaidi ya 2,000 ziliteketea.

Tume ya Kifalme iliyoongozwa na Jaji Bernard Teague ilichunguza kila kitu, na Julai 2010 ikatoa mapendekezo 67. Ilieleza nani alipaswa kufanya nini, saa ngapi, kwa amri ya nani. Chini ya maswali hayo ya utawala lilibaki swali la zamani kuliko tume zote: mtu anayejua hatari inayomjia mwenzake ana deni gani kwake, na deni hilo hulipwaje?

Nabii Ezekieli, katika sura ya 33 ya kitabu chake, aliligusa kwa mfano wa mlinzi wa mji. Mlinzi akiona jeshi linakuja akanyamaza, hatia ya kila atakayeuawa iko juu yake, hata kama yeye mwenyewe hakushika silaha. Akipiga tarumbeta na mtu akapuuza, hapo mzigo unamhamia aliyepuuza. Mgawanyo huo wa lawama unaeleweka vizuri mahali ambapo mlinzi yuko juu ya ukuta na watu wote wanaisikia sauti yake. Siku ile Victoria, kati ya walioona na waliokuwa wanafuatwa na moto kulikuwa na ofisi, ngazi za vyeo na idara mbili tatu za kupitia. Kila mmoja aliweza kusema kwamba alishampa taarifa aliyemfuata. Aliyekuwa nyumbani na wanawe akitazama moshi hakuwa kwenye mnyororo huo.

Wapo waliotaka kulimaliza swali hili haraka kwa kulipeleka mbinguni. Siku chache baada ya maafa, mhubiri mmoja alidai hadharani kwamba moto ulikuja kwa sababu Victoria ilikuwa imepitisha sheria ya kuhalalisha utoaji mimba mwaka 2008. Alikemewa na wengi, Wakristo wenzake wakiwemo. Walifanya vyema kumkemea, kwa sababu maneno yale yaliwaumiza wafiwa, na pia kwa sababu yalifunika ukweli uliokuja kuthibitika: moto wa Kilmore East ulianzia kwenye waya wa umeme uliokuwa umetumika zaidi ya miaka 40, ukakatika na kurusha cheche kwenye nyasi kavu. Kesi ya waathirika iliisha kwa makubaliano ya fidia ya karibu dola milioni 500 za Australia. Jaji Leonard Stretton, aliyechunguza mioto ya Januari 1939 iliyoua watu 71 katika jimbo hilohilo, alikuwa ameshafikia hitimisho kama hilo miaka 70 nyuma. Mioto ile, alisema, iliwashwa na mkono wa binadamu.

Hoja hii ya mkono wa binadamu katika maafa ina historia ndefu Ulaya. Tetemeko la Lisbon la mwaka 1755 lilipomfanya Voltaire atilie shaka wema wa ulimwengu, Rousseau alimjibu kwa barua mwaka uliofuata kwamba si maumbile yaliyorundika maelfu ya nyumba za ghorofa mahali pamoja. Lakini msomaji wa Afrika Mashariki ana kisa kilicho karibu naye zaidi, nacho kinafundisha zaidi kuhusu moto kuliko barua ya Rousseau.

Khalifa Umar bin Khattab alikuwa safarini kuelekea Sham alipofika mahali panapoitwa Sargh na kupewa habari kwamba tauni imeingia huko. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina, waliohama Makka pamoja na Mtume, wakatofautiana. Akawaita Ansari, wenyeji wa Madina, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakamshauri kwa kauli moja arudi na watu wake. Alipotangaza kurudi, Abu Ubaida bin Jarrah, kamanda wake huko Sham, alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar alimjibu kwamba wanatoka kwenye kadari moja ya Mungu kwenda kwenye kadari nyingine ya Mungu. Jibu hilo ndilo hukumbukwa na wengi. Kinachosahaulika ni kilichofuata: Abdulrahman bin Auf, ambaye hakuwepo katika mashauriano yote yale kwa kuwa alikuwa kwenye shughuli zake, alikuja akaeleza kwamba alimsikia Mtume akifundisha watu wasiingie mahali penye tauni, wala waliomo wasitoke kuikimbia. Elimu iliyolimaliza jambo ilikuwa kwa mtu ambaye hakuwa kwenye kikao.

Utafiti wa moto nchini Australia umekuwa ukilijifunza hilo kwa gharama kubwa.

Kwa miaka mingi ushauri rasmi kwa wakazi ulikuwa: jiandae, kisha ama ubaki uitetee nyumba yako, ama uondoke mapema. Haukutoka hewani. Mioto ya Februari 1983 iliua watu 75 katika majimbo ya Victoria na Australia Kusini, na waliochunguza vifo waliona kwamba wengi walikufa wakikimbia dakika za mwisho, huku nyumba nyingi zilizokuwa na watu wazima, wenye nguvu na maji ya kutosha zikipona. Sera hiyo iliheshimu kitu cha thamani, yaani uhuru wa mtu mzima kuamua juu ya maisha yake na mali yake. Serikali haikumburuta mtu nje ya mlango wake. Ilimpa habari na kumwachia uamuzi.

Halafu ikaja Jumamosi ile. Kati ya waliokufa, 113 walikufa ndani ya nyumba. Asilimia 44 ya wote waliopoteza maisha walikuwa watoto chini ya miaka 12, wazee wa zaidi ya miaka 70, au watu wenye maradhi na ulemavu. Mtoto wa miaka mitano hakuchagua kubaki. Aliyechagua ni mwingine, na mara nyingi huyo mwingine naye hakuwa ameamua lolote, alikuwa anasubiri aone.

Jambo hili lilijulikana kwa undani kwa sababu Kituo cha Ushirikiano cha Utafiti wa Moto wa Nyika, kilichoanzishwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vikuu na vikosi vya zimamoto, kilituma watafiti vijijini majivu yakiwa bado yapo. Waliketi na mamia ya walionusurika. Hawakuja na fomu za kuuliza tu kama mtu alisikia onyo au hakusikia. Waliwaacha watu wasimulie siku nzima: nani alikuwa wapi, nani alimpigia nani simu, baba alisema nini, mama alitaka nini. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba mtu mmoja mwenye uamuzi mmoja, yule ambaye sera ilikuwa ikimwazia, ni nadra kupatikana. Ndani ya nyumba moja mume alikuwa na mpango wa kubaki na mke alikuwa na mpango wa kuondoka, na mipango hiyo miwili ilikuwa haijawahi kukutana mezani. Katharine Haynes na wenzake, waliopitia kumbukumbu za vifo vya raia 552 katika mioto ya Australia tangu mwanzo wa karne ya ishirini, waliona sura hiyohiyo: wanaume wengi walikufa nje wakipigania mali, wanawake na watoto walikufa wakijificha ndani au wakikimbia wamechelewa.

Mwanafalsafa anayetetea uhuru wa kuchagua anapaswa kuzisoma simulizi hizo kabla ya kuendelea na hoja yake. Uhuru ule ulikuwa wa kweli kwa mtu mwenye pampu, mabomba, afya na mwenza aliyekubaliana naye. Kwa wengine ulikuwa jina tu. Baada ya tume, ushauri ulibadilika, na kiwango kipya cha hatari kikaongezwa juu ya vingine vyote: siku kinapotangazwa, watu huambiwa wazi kwamba kuondoka mapema ndiko kunakookoa maisha, kwa kuwa nyumba za kawaida hazikujengwa kuhimili moto wa namna hiyo.

Kaskazini mwa nchi, somo lilikuja kwa njia nyingine kabisa. Katika nyanda za mawe za Arnhem Land, Waaborijini walitunza ardhi kwa moto kwa maelfu ya miaka. Kiangazi kinapoanza, nyasi zikiwa bado na unyevu chini, walitembea na kuwasha mioto midogo inayozimika yenyewe usiku umande unaposhuka. Ardhi ikabaki na viraka, hapa pamechomwa, pale hapajachomwa, na moto mkubwa wa mwisho wa kiangazi ukakosa njia ya kupita. Kazi hiyo ilikuwa wajibu wa kidini kuliko ufundi wa shamba. Mwenye ardhi kwa upande wa baba hakuwasha moto peke yake, kwani watoto wa mabinti wa ukoo ni walezi wa ardhi ya mama zao na walipaswa kushirikishwa. Katika karne ya ishirini wengi waliondoka nyandani kuhamia vituo vya misheni na makazi ya serikali. Ardhi ikabaki bila watu. Mioto ya Agosti hadi Novemba, mikali na mipana, ikaanza kula kila kitu, hata misitu midogo isiyostahimili moto iliyokuwa imejificha kwenye magenge.

Wazee walikuwa wakilisema hili muda mrefu kabla ya wanasayansi kulipima. Walipokutana na watafiti kama Jeremy Russell-Smith na Peter Cooke, kila upande ulileta ulichonacho. Wazee walijua lini, wapi na kwa idhini ya nani. Watafiti waliweza kupima gesi za methani na oksidi ya nitrasi zinazotoka kwenye moto wa mapema na wa kuchelewa, na kuonyesha kwa picha za setilaiti eneo lililoungua. Mwaka 2006 ulisainiwa mkataba uliohusu eneo la kilomita za mraba 28,000: kiwanda cha gesi asilia cha Darwin kingelipa takribani dola milioni moja kwa mwaka, na walinzi wa ardhi wa Kiaborijini wangechoma mapema ili kupunguza gesi sawa na angalau tani 100,000 za hewa ukaa kila mwaka. Lengo hilo lilipitwa, na familia zimerudi kwenye ardhi za babu zao zikiwa na ajira.

Yapo ya kujihadhari hapa. Wazee walikuwa na haki ya kusikilizwa hata kama hesabu za gesi zisingewaunga mkono, na ni jambo la kusikitisha kwamba elimu yao ilipata heshima ofisini baada tu ya kugeuzwa tani. Ushirikiano ambamo mmoja humletea mwenzake data, na mwenzake pekee ndiye mwenye mamlaka ya kusema data hiyo ina maana gani, bado ni ule mnyororo wa Melbourne.

Mfano bora zaidi labda uko Strathewen, kijiji kilichopoteza watu 27 siku ile ya Februari pamoja na shule yake ya msingi. Shule ilijengwa upya. Miaka michache baadaye walimu na wazimamoto wa kujitolea wa hapo walianza kuwafundisha wanafunzi wa madarasa ya juu moto wenyewe: kusoma hali ya hewa, kupima ukavu wa majani, kuelewa kwa nini moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka. Watoto waliwahoji wakazi, kisha wakafinyanga watu, nyumba na miti kwa udongo wa rangi na kutengeneza filamu, picha moja baada ya nyingine. Kulikuwa na watu wazima waliohofia kwamba kuzungumza na watoto juu ya moto kungewarudishia kiwewe. Waliofuatilia kazi hiyo waliona watoto wakipata utulivu, na wakirudi nyumbani kuwauliza wazazi wao mpango wa familia uko wapi.

Tanzania inalijua vizuri swali hili la nani anajua na nani anasikilizwa. Mlima Kilimanjaro ulipoungua Oktoba 2020, takribani kilomita za mraba 95, mamia ya wananchi na wanafunzi walipanda na matawi na majembe kusaidiana na askari wa hifadhi. Wilayani Kilwa, vijiji vyenye misitu ya mipingo vimekuwa vikichoma mapema kwa mpangilio vikishirikiana na shirika la MCDI, kwa sababu ileile inayojulikana Arnhem Land. Mkulima aliyefundishwa tangu enzi za ukoloni kwamba moto wake ni kosa la jinai ana neno la kusema kuhusu upepo wa Juni, na neno hilo linastahili kuwemo kwenye mpango wa wilaya kabla haujapigwa muhuri.

Australia yenyewe haijalimaliza deni. Tarehe 29 Desemba 2019 mamlaka ziliwatangazia makumi ya maelfu ya watalii waondoke mashariki ya Victoria. Safari hii mlinzi alipiga tarumbeta na sauti ilisikika. Hata hivyo siku mbili baadaye watu wapatao 4,000 walikuwa ufukweni Mallacoota, mbingu nyekundu asubuhi, barabara pekee imefungwa na moto. Kwa hesabu ya Ezekieli wengi wao walikuwa wamejitwisha mzigo wao wenyewe. Jeshi la wanamaji lilileta meli na kuwachukua zaidi ya 1,000, na hakuna aliyeulizwa gatini kama alisikia tangazo akalipuuza.

Baada ya mioto ya kiangazi kile watafiti walirudi tena kuketi na walioathirika na kuwasikiliza. Majibu ya swali la kwa nini mtu hubaki huweza kuwa ya kawaida kabisa: mzee asiyeweza kusafiri, kazi katika hoteli ambayo mwenyewe hakuifunga, farasi wasio na gari la kuwabeba, kutojua kwamba barabara ni moja tu. Kila jibu la namna hiyo linahitaji mtu wa kulishughulikia kabla ya kiangazi kingine, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji mwenye hoteli, mwenye lori la mifugo na muuguzi wa kijiji waitwe kwenye kikao ambacho wataalamu wa moto wanachora ramani.