Merikebu ya Pili

Miji ya Athene na Korintho si migeni kwetu, kwa maana twaisoma katika safari za Mtume Paulo. Hata Mitilene, mji wa kisiwa cha Lesbos, umetajwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 20. Lakini miaka zaidi ya 480 kabla ya Paulo kupita huko, watu wa Mitilene walinusurika kuuawa wote kwa kura ya siku moja. Tungependa kuitafakari habari hiyo, kwa sababu inatuuliza maswali mawili. Je, jambo likiisha kuamuliwa na wengi, ni udhaifu kulirudia? Na je, tukimwachilia mtu kwa kuwa tu twaona faida yetu, hiyo ni huruma?

Tangu mwaka 431 hata mwaka 404 K.K., yaani miaka 27, Wagiriki walipigana wao kwa wao. Upande mmoja ilikuwa Athene, iliyotawala bahari na kutoza kodi miji na visiwa vingi. Upande wa pili ilikuwa Sparta na wenzake, ambao nguvu yao ilikuwa askari wa nchi kavu. Habari hizi kwa sehemu kubwa tumeachiwa na Thucydides. Yeye alikuwa jemadari wa Athene katika vita hivyo hivyo, akaishi uhamishoni miaka 20 kwa kushindwa kuuokoa mji wa Amphipolis.

Mwaka 428 K.K. Mitilene iliasi. Athene ilikuwa imetoka kupigwa na tauni kali, na watu wake walikuwa na uchungu mwingi. Mwaka uliofuata, njaa ilipozidi, watu wa kawaida wa Mitilene walipewa silaha. Nao walipozipata walikataa kuwatii wakubwa wao, na mji ukajisalimisha. Waathene wakakutana mkutanoni, wakakata shauri kwa hasira: wanaume wote wazima wauawe, wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu ikatumwa siku hiyo hiyo kumpelekea amri jemadari Paches, aliyekuwa kisiwani.

Usiku ukapita. Asubuhi watu wengi walianza kuona kwamba ni jambo la kikatili kuangamiza mji mzima badala ya wenye hatia tu. Wajumbe wa Mitilene waliokuwapo Athene, pamoja na Waathene waliowaunga mkono, wakawaomba viongozi shauri lifunguliwe upya. Likafunguliwa.

Cleon, aliyekuwa na nguvu sana kwa watu, alisimama akakemea. Alisema kuwa mji wenye sheria mbaya zisizobadilika una heri kuliko wenye sheria nzuri zisizoshikwa, na kwamba huruma ni hatari kwa watu wanaotawala wengine. Akajibiwa na mtu aitwaye Diodotus. Huyu alisema kuwa haraka na hasira ndizo adui wawili wa shauri jema. Lakini tuangalie sana: hakuwaombea watu wa Mitilene huruma. Alisema wazi kwamba swali si haki ya wale watu, bali ni faida ya Athene. Mkiwaua hata watu wa kawaida walioutoa mji mikononi mwenu, alisema, kesho watu wa kawaida wa kila mji watashikamana na waasi.

Mikono ikainuliwa, na kura zilikaribiana sana. Upande wa Diodotus ukashinda. Merikebu ya pili ikaondoka mbio, nayo ya kwanza ilikuwa imeitangulia kama siku moja na usiku wake. Safari ilikuwa ya zaidi ya kilometa 300. Wajumbe wa Mitilene waliwapa wapiga makasia divai na unga wa shayiri, wakawaahidi zawadi kubwa. Wakala huku wakivuta makasia, wakalala kwa zamu. Kwa bahati hapakuwa na upepo wa mbisho, na wale wa kwanza walikwenda polepole, kwa kuwa kazi waliyotumwa ilikuwa ya kuchukiza. Paches alikuwa amekwisha kuisoma amri na yu karibu kuitekeleza, ndipo merikebu ya pili ikatia nanga.

Twafurahi, lakini tusifurahi upesi mno. Thucydides aandika kuwa watu zaidi ya 1,000 waliohesabiwa kuwa viongozi wa uasi waliuawa baadaye. Tena miaka 11 ilipopita, mwaka 416 K.K., Athene ilikizingira kisiwa kidogo cha Melos, kilichotaka kukaa nje ya vita. Wajumbe wa Athene wakasema kuwa haki huzungumzwa na walio sawa kwa nguvu. Mnyonge hana budi kukubali. Melos iliposhindwa, wanaume wazima waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa. Safari hii haikuwapo merikebu ya pili.

Kwa nini? Sisi twaona hivi. Hesabu ya faida iliyookoa Mitilene ndiyo hiyo hiyo iliyoiangamiza Melos. Mtu aliyesamehewa kwa sababu ana manufaa hana kinga siku manufaa yake yakiisha. Hata hivyo hatumlaumu Diodotus. Huenda alijua kwamba masikio ya siku ile yasingesikia neno jingine, na maelfu walibaki hai kwa ajili ya maneno yake. Ila neno ambalo hakulisema, kwamba si haki kumwua asiye na kosa, lilikuwa halina budi kusemwa na mtu fulani, siku fulani.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwaka 405 K.K. Athene ilipoteza karibu merikebu zake zote huko Aegospotami. Xenophon asimulia kuwa habari ilifika usiku, wala hakuna aliyelala. Watu walilia, wakiogopa kutendwa kama walivyowatenda watu wa Melos na wengine. Naam, Korintho na Thebes zilitaka Athene iangamizwe. Sparta ikakataa, ikikumbuka mema ambayo mji ule uliwatendea Wagiriki wote zamani za hatari kuu.

Ndugu, sisi hatutumi merikebu za vita. Lakini twaketi katika vikao vya ukoo, vya halmashauri na vya vyama, na huko pia hasira hupiga kura. Kijana hufukuzwa nyumbani, mjane hunyimwa shamba, na kila mmoja huenda zake akisema, “Tuliamua sote.” Asubuhi wengi wetu huwa na moyo mzito, lakini kila mtu humngojea mwenzake aanze kusema. Kulirudia shauri baya si udhaifu. Wenye kustahili lawama ni sisi tunaonyamaza hali twajua. Basi tukiona moyo umetugeuka, tusingoje kikao kijacho, kwa maana merikebu ya kwanza imekwisha kuondoka.